Alama Hamsini na Mbili za Germain

Kalemie, 9 Februari 2024

Kwako Mama Marthe,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yangu Rosalie na kwangu mimi. Ningekupigia simu, ungekuwa umezipata habari hizi jana. Lakini najua utaniambia kwamba mjomba Germain hakukupigia simu hata siku moja, alikuandikia tangu uchumba, na kwa kuwa nimepokea jina lake, basi nami niandike. Haya, naandika. Barua inakuja Moba na boti ya wafanyabiashara, mkononi mwa Angélique. Usimcheleweshe kwa maswali.

Matokeo ya mtihani wa kazi ya serikali yametoka. Nafasi ya agronomu, mtaalamu wa kilimo, ni moja tu na tulikuwa wengi. Nimepata 31 kwa 100. Nilisoma jina langu pale ukutani mara tatu, watu wakinisukuma mgongoni, na kila mara ilikuwa 31 ile ile. Dada mmoja nyuma yangu, akiniita kama kaka yake, alisema, "Yaya, usilie hapa, watu wanaangalia." Sikuwa nalia, lakini nilikuwa karibu.

Mama Marthe, sielewi. Sehemu ya kwanza ilikuwa maswali mafupi, niliyajibu. Sehemu ya pili walituuliza: kijiji ambacho mihogo yake imeoza misimu miwili, utakisaidiaje? Nilianza kuandika, na nilipoinua kichwa wasimamizi walikuwa wanakusanya karatasi. Sikumbuki hata sentensi moja niliyoandika. Najua tu kwamba niliandika vizuri, jinsi mtu anavyojua kwamba amelala vizuri bila kukumbuka ndoto.

Diploma yangu iko ukutani tangu mwaka juzi, na mama ananitazama kila nikiamka bila mahali pa kwenda. Wengine wananiambia nikate rufaa, wengine wanasema nitajifungia milango. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Chérubin Kilunga

*

Moba, 17 Februari 2024

Kwa bwana yangu mdogo Germain,

Kwanza niache niwe mkali kidogo. "Mwanao" umeitoa wapi? Siku ile ukoo wa mama yako ulipokunywesha maji na kukufunga ushanga mweupe mkononi, mbele ya watu wote, uliacha kuwa mtoto wa wifi yangu. Ukawa Germain. Wazee wa umri wake wanakusalimu kama mwenzao, wajukuu wanakuita babu, na wewe unacheka kwa aibu. Hapa kwetu jina likishapata mtu wa kulibeba, mwenye jina hajaondoka. Ndiyo maana lile neno wanalosema watu wengine mimi sijalitamka katika nyumba hii, na sitalitamka.

Sasa, hiyo 31. Kata rufaa! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe tangu utoto shingo yako ni ngumu kuinama. Enda uwaulize kwa adabu. Germain alifanya kazi yao hiyo hiyo ya kilimo miaka mingi, na kila walipomkosea alikwenda, alivua kofia, aliuliza, na alirudi na haki yake.

Dieumerci, mdogo wako (ndiyo, sasa ni mdogo wako, ingawa ana mvi), alikuja hapa wiki jana. Alipima kiwanja kwa miguu kutoka jikoni mpaka barabarani. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Hii parseli iko ya jamaa, Mama Marthe, na mwenyewe hayuko." Nikamwambia, "Mwenyewe iko Kalemie, anafanya mutihani. Umwandikie." Akaenda bila kuaga. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Jioni nikipika bado nakusikia chumba cha nyuma, ukisogeza kiti chako. Majirani wananiuliza kama siogopi. Muntu anamuogopa bwana yake?

Mke wako,
Marthe

*

Tume ya Mtihani wa Kazi
Kalemie, 4 Machi 2024

Kwa Bwana Chérubin Kilunga,

Tumepokea rufaa yako na tumefungua upya karatasi zako. Alama 31 ulizopewa ni za sehemu ya kwanza peke yake, ambayo ilikuwa na alama 40. Karatasi ya sehemu ya pili, yenye alama 60, haikuonekana kwa jina lako. Kwa hiyo ulihesabiwa sifuri.

Hata hivyo, katika kutafuta tumekuta karatasi moja ya sehemu ya pili isiyo na mwenyewe. Imeandikwa jina Germain Mulonda. Hakuna mtu wa jina hilo aliyejiandikisha wala aliyeketi katika chumba cha mtihani. Mwandiko unafanana na wako, isipokuwa sahihi iliyo chini, ambayo si ile uliyoweka ulipojiandikisha. Karatasi hiyo imepata 52. Ndiyo alama kubwa kuliko zote za mwaka huu.

Ikiwa ni yako, jumla yako ni 83 na nafasi ni yako. Tunaomba maelezo.

Christophe Lubinga,
Katibu

*

Kalemie, 6 Machi 2024

Mheshimiwa Papa Christophe,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini.

Karatasi ni yangu. Germain Mulonda alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Alipoondoka, ukoo ulinichagua mimi nilibebe jina lake, kama desturi yetu ya upande wa Moba inavyotaka. Nilikunywa maji, nilivaa ushanga. Tangu siku hiyo mbele ya ukoo mimi ndiye Germain. Sikutaka kumdanganya mtu yeyote na sikumweka mtu anifanyie mtihani. Kusema kweli sikumbuki kuandika jina hilo, na sahihi yake sijawahi kujifunza kuiiga. Lakini hakuna udanganyifu, kwa sababu mimi na yeye ni mtu mmoja. Nipo tayari kuapa hivyo.

Naomba alama zake ziongezwe kwenye zangu.

Kwa heshima,
Chérubin Kilunga

*

Tume ya Mtihani wa Kazi
Kalemie, 15 Machi 2024

Kwa Bwana Chérubin Kilunga,

Usiape. Ukiapa hivyo umejimaliza mwenyewe. Nimetafuta katika majalada ya biro yetu: Germain Mulonda alikuwa monita wa kilimo, yaani bwana shamba, wa serikali, na alistaafu. Ukisema wewe na yeye ni mtu mmoja, nitalazimika kukujibu kwamba serikali haimwajiri tena mtu iliyekwisha kumstaafisha. Ukisema ni watu wawili, karatasi si yako.

Tume imekubali njia moja tu. Mjane wake aandike ushuhuda, autie sahihi mbele ya chefu wa kijiji, akiri mambo matatu: kwamba mume wake amekufa, kwamba hakuna mtu aliye hai anayesimama mahali pake, na kwamba jina ulilotumia ulipewa kwa heshima tu. Ushuhuda utufikie kabla ya mwisho wa Aprili.

Haya ya chini nakuandikia kama mtoto wa ziwa hili, si kama katibu. Mimi pia nimebeba jina la mtu. Mke wa mjomba wangu akiniita kwa jina hilo, naitika. Lakini kila niliposhika kalamu ya serikali niliandika jina langu. Jiulize kwa nini mkono wako haukufanya hivyo. Siulizi kwa ubaya, kijana wangu. Nina hofu na wewe.

Christophe Lubinga

*

Kalemie, 18 Machi 2024

Kwako Mama Marthe,

Habari za huko? Mvua je? Angélique ameniambia mihogo yako ya upande wa mto imependeza. Mama yangu amekutumia sabuni na chumvi. Samaki wakubwa kama mukeke wamekuwa adimu sokoni, tunakula vile vidagaa vya ndagala kila siku mpaka nimeanza kunuka ziwa.

Rufaa imekwenda vizuri. Kumbe nina 83! Mimi ndiye wa kwanza. Kuna kasoro ndogo tu: kwenye karatasi ya pili niliandika jina la mjomba badala ya langu. Kwa hiyo wanataka karatasi kutoka kwako, mbele ya chefu, useme kwamba mjomba, yaani Papa Germain, kwamba hayupo. Wanataka lile neno lenyewe. Na kwamba mimi si yeye, jina nilipewa kwa heshima tu.

Ni karatasi tu, Mama. Inakaa katika kabati ya biro na hakuna atakayeisoma. Nyumbani tutaendelea kama zamani: utaniita utakavyo, na mimi nitaitika.

Nitakuambia jambo jingine, kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Mama yangu anasema nimebadilika. Juzi aliniita "Chérubin" mara nyingi nikiwa nimekaa mlangoni, na sikugeuka. Akasema, "Germain," kwa sauti ya chini tu, kwa kujaribu. Nikamjibu, "Rosalie, unataka nini?" Mimi! Kumwita mama yangu kwa jina lake! Alidondosha sufuria. Nafikiri ni wasiwasi wa kazi. Nikipata kazi utapita.

Tafadhali andika.

Chérubin

*

Moba, 27 Machi 2024

Germain,

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaenda shambani, nikarudi, nikaisoma tena. Bado ilikuwa inasema lile lile. Sabuni na chumvi nimevipokea, mshukuru Rosalie. Hilo jingine sitalifanya.

Unaniambia ni karatasi tu. Nikienda mbele ya chefu nikasema neno hilo, barazani kwake wanakaa nani? Dieumerci na marafiki zake, kila siku. Kabla sijafika nyumbani ukoo utakuwa umeshakusanyika. Watasema: kijana amelitupa jina. Jina halikai chini kama kikapu, litachukuliwa, na wa kulichukua ni Dieumerci. Jina likienda, nyumba inakwenda nalo, na shamba la mto, na mimi mwenyewe nitakuwa mgeni kwenye jiko nililolijenga. Hukulijua hilo? Nilikuambia habari za kupima kiwanja kwa kicheko ili usipoteze usingizi. Sasa nakuambia bila kicheko.

Na bado hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Nani aliandika karatasi ile ya pili? Wewe unasema hukumbuki hata sentensi. Mimi najua nani alizunguka vijiji vyote hivi na mihogo iliyooza mikononi. Yeye alikuja akakaa nawe kwenye kiti cha mtihani, akakupatia 52, na wewe unataka kumlipa kwa kumzika mara ya pili! Na kaburi unataka nilichimbe mimi!

Sikulia siku ile walipomchukua. Wanawake walinisema. Sikulia kwa sababu wewe ulikuwa pale umekaa mkekani na ushanga wako, na nilimwona machoni mwako. Usiniombe hilo tena.

Mke wako,
Marthe

*

Kalemie, 5 Aprili 2024

Mke wangu Marthe,

Una haki. Nimewaachia kazi yao, na barua yao nimeichana. Usimwogope Dieumerci, tangu utoto ni mtu wa kelele, ukimtazama machoni anageuka. Nitakuja huko mvua zikipungua, nikae kabisa. Paa la jikoni lirekebishwe, na ule mti wa nyuma unaodondosha matawi nitaukata.

Nimechoka na mji huu. Watu wananiita jina la kijana fulani na mimi sina nguvu ya kuwajibu. Rosalie analia, sijui ana nini. Ni rahisi zaidi hivi, Marthe. Nilipokuwa nikikataa, kichwa kilikuwa kinaniuma. Nimeacha kukataa na hakiumi tena.

Jana nilikwenda bandarini kutazama boti zinazotoka kwetu, na nikamkumbuka Elsa. Nimekumbuka alivyozaliwa ndani ya boti, tukiwa sisi wawili tu, kabla hatujafika Kalemie, na alivyoishi muda wa kupewa jina tu. Tulimzika pale ufukoni, wewe ukiwa umeshika taa na mimi nikichimba kwa sahani, tukawaambia ndugu kwamba mimba ilitoka. Ulisema tusimtaje tena, na sikumtaja. Lakini jana nilitamani kulisema jina lake kwa mtu, na huyo mtu ni wewe tu.

Nipikie sombe ya majani ya mihogo yetu ya mtoni nikija.

Germain

*

Moba, 13 Aprili 2024

Kwa wakubwa wa Tume ya Mtihani, Kalemie,

Mimi naitwa Marthe. Mwenye kuandika ni mimi mwenyewe, na chefu amekaa hapa anaangalia. Kuna watu wengi barazani. Wote wananisikia, kwa sababu chefu ameniambia nisome kwa sauti kila ninaloandika.

Mume wangu Germain Mulonda amekufa.

Mnataka niseme zaidi, nitasema. Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha, baada ya kuomba uji na kuukataa. Nilimfunga taya kwa kitambaa changu cha kichwa. Alikuwa mzito, tulimwosha wanawake wanne. Yuko kwenye makaburi ya juu, upande wa njia ya misheni. Hakuna mtu aliye hai anayesimama mahali pake. Jina alilopewa Chérubin Kilunga alipewa kwa heshima, nalo nimemwondolea leo mbele ya mashahidi. Karatasi yenu ya pili aliiandika Chérubin. Ana akili, alikuwa nazo tangu utoto, hahitaji mtu wa kumwazima.

Nilikuwa nimekataa kuandika haya. Mjue pia kwa nini nimekubali. Kijana ameniandikia jambo ambalo duniani walilijua watu wawili tu, na mmoja wao ndiye huyo ninayewaambia amekufa. Hakuambiwa na mtu. Nilipoisoma barua nilifurahi kwanza. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi mpaka nikaanza kutwanga sombe. Kisha nikamwona moyoni Rosalie, mama yake, akilia kama barua inavyosema, na nikaona kwamba nilikuwa ninamla mtoto wa mwanamke mwenzangu ili nisikae peke yangu.

Mpeni kazi. Mwiteni kwa jina lake, kila siku, kila mtu hapo bironi, hata asipoitika. Mwiteni mpaka ageuke.

Marthe, mjane wa Germain Mulonda

*

Tume ya Mtihani wa Kazi
Kalemie, 2 Mei 2024

Kwa Bwana Chérubin Kilunga,

Ushuhuda umefika ndani ya muda. Rufaa yako imekubaliwa. Alama zako ni 83 kwa 100. Utaripoti Jumatatu kwenye biro ya kilimo, na utaweka sahihi yako mbele yangu.

Njoo na mama yako mzazi. Nimeongea naye. Akae karibu nawe siku hiyo, akuite.

Christophe Lubinga,
Katibu

*

Moba, 26 Mei 2024

Mwanangu Chérubin,

Nimepata barua yako fupi. Nimeona umeliandika jina lako mara mbili chini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Vizuri. Endelea kuliandika. Nimesikia pia kutoka kwa Angélique kwamba umeanza kugombana na mama yako kuhusu chakula. Hiyo ni afya.

Ya hapa yamekuwa kama nilivyosema. Ukoo ulikaa, na Dieumerci alikunywa maji, akafungwa ushanga. Ameniambia nivune mihogo yangu kwanza, ndipo niende kwa ndugu zangu. Hakunitukana, hilo nimshukuru. Usiwaze kuja kupigana naye. Nililijua tangu nilipotoka nyumbani kwenda kwa chefu, na nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Lakini nataka uniambie ukweli, na usinionee huruma. Siku ile ya jina nilikaa mkekani mbele ya Dieumerci nikamtazama machoni, jinsi nilivyokutazama wewe. Nilimtazama mpaka akaona haya. Germain hayumo. Nikarudi nyumbani, nikakaa chumba cha nyuma jioni nzima. Kiti hakikusogea. Nikaanza kukuwazia wewe, nikasema, basi amebaki Kalemie na kijana, hakutaka kumwacha. Ndiyo maana nakuuliza. Yuko kwako? Kama yuko, usimjibu hata akikuita kwa upole. Mwambie mimi mke wake nimesema aende.

Kama hayuko kwako, na hapa hayuko, na kwa mdogo wake hayuko, basi nililoliandika mbele ya chefu ni kweli, na mimi ndiye wa mwisho kulijua katika Moba nzima.

Leo nimeanza kulia. Nilikuwa nang'oa mihogo pale mtoni, na kilio kikanitoka bila kuniomba ruhusa. Nimepiga kelele kama wanavyopiga wanawake wote, mikono kichwani, udongo mwilini. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakaacha mizigo yao, wakakimbia kuja kunishika. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Mama Marthe, ni nani amekufa?"

Nikamwambia, "Bwana yangu."

Wakatazamana. Yule mwanamke akanifuta uso kwa kitenge chake, akaniuliza pole pole, "Amekufa lini, Mama?"

"Leo," nikamwambia. "Amekufa leo."

Mama yako,
Marthe